Nguzo Isiyokuwemo Kwenye Mfano

Nchi yetu ni nchi nzuri, na kabla sijasema neno lingine naomba hilo lisikike mpaka kwa waliokaa nyuma. Mimi ni mtumishi wa serikali, sina ugomvi na mtu, na haya ninayoyasimulia sikuyatafuta; yalinifuata dirishani. Dirisha lenyewe ni namba nne, Wizara ya Majengo Yaliyopo na Yatakayokuwepo, na mimi ni Sudi Mapande, Karani wa Daftari la Hatari. Jina la daftari lisiwatishe. Lina jalada gumu la kijani, na mwaka wa kwanza nililitumia kufunikia chai isipoe.

Mambo yalianza pale nchi ilipoamua kuachana na michoro ya karatasi. Walikuja wataalamu na kompyuta, wakatuonyesha jengo zima ndani ya kioo. Unaingia mlangoni, unapanda ngazi, unaona bomba linavyopita ukutani na nondo zilivyolala ndani ya zege, na wakati huo huo kiwanja chenyewe bado kina mihogo. Makosa yaonekane kwenye kioo, walisema, kabla hayajamwangukia mtu kichwani. Tulipenda wote. Tukaliita jambo hilo Mfano.

Wataalamu wale walikuwa watu waangalifu, basi walipoondoka walituachia ripoti ya hatari tano zinazoweza kutupata tukiupokea Mfano kwa pupa. Mheshimiwa Waziri Lwakamba aliisoma jalada lake lote. Akasema serikali sikivu haiwezi kukalia hatari, ni lazima zote tano zishughulikiwe kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa alikuwa na safari.

Na kweli zilishughulikiwa. Hatari ya kwanza ilikuwa kwamba watumishi hawajui kuutumia Mfano. Tukapewa vyeti vya ubingwa wote, pamoja na mlinzi wa getini na marehemu Chogo wa masjala, ambaye jina lake lilikuwa halijaondolewa kwenye orodha. Ya pili, kwamba kila idara ingekuwa na Mfano wake na isisikilizane na nyingine. Mfano ukawekwa mmoja tu, ukafungwa, na ufunguo wa kuubadilisha akakabidhiwa Mheshimiwa, autembeze shingoni. Ya tatu, kwamba Mfano na jengo vinaweza kutofautiana. Hiyo ilitungiwa sheria, na kwa kuwa ni fupi naikumbuka kwa kichwa: pale Mfano na jengo vitakapotofautiana, jengo litahesabiwa kuwa limekosea. Ya nne, kwamba kosa likitokea halijulikani ni la nani. Ikaamuliwa kila hatari iwe na mwenyewe kwa jina na picha, na mwenyewe ni yule aliyeiona kwanza. Ya tano ilihusu kufanya mambo haraka haraka, nayo tuliifuta kwa kukosa muda.

Mwezi wa kwanza baada ya sheria kupita, hakuna mtu aliyeona hatari yoyote nchi nzima. Mheshimiwa aliisoma takwimu hiyo bungeni, na wabunge wakapiga meza mpaka glasi moja ikadondoka.

*

Sasa niwaambie habari ya wodi ya wazazi ya Kitongani.

Wodi ya zamani pale ilikuwa na vitanda sita, na kina mama walikuwa wanalala wawili wawili, wengine chini kwenye kanga zao. Serikali ikaona haya. Ikaamua kujenga wodi mpya kwa Mfano, jengo la kwanza la aina yake: chini vitanda thelathini vya wazazi, juu yake ukumbi wa mikutano wa Wizara, na juu ya ukumbi matangi manne makubwa ya maji. Msimamizi wa mafundi alikuwa Mzee Mshamu Kigodo, mtu mfupi, mkimya, ambaye vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilibaki kwenye mashine ya kukatia nondo miaka mingi nyuma.

Mzee Mshamu alikuwa na binti, Kidawa. Kidawa alikuwa amepoteza watoto wawili katika wodi ile ya zamani, mmoja kwa kukosa kitanda, mwingine sijui kwa nini, na sasa alikuwa na mimba ya tatu. Kitongani nzima ilijua. Mzee alipokuwa akimwaga zege hakuficha. "Hii namjengea mwanangu," alikuwa akiwaambia vijana wake. "Ukinichanganyia mchanga mchafu, unamchanganyia Kidawa."

Msingi ulipokwisha, Mheshimiwa Waziri aliamua kulikagua jengo. Hakwenda Kitongani, kuna vumbi. Alilikagua hapa hapa Wizarani, ndani ya Mfano. Alivalishwa miwani ya kompyuta, mikubwa kama ile ya wachomeleaji, akasimamishwa katikati ya zulia, na sisi sote tukajipanga ukutani tumefumbata mikono. Mtambo ulikuwa unaendeshwa na Injinia Fulgensi, kijana msomi, mpole, anayejua kazi yake kuliko sisi wote tukijumlishwa.

Mheshimiwa akaanza kutembea. Akaingia wodini, akavisifia vitanda, akampungia mkono mgonjwa ambaye hakuwepo. Halafu akasimama ghafla na kurudisha kichwa nyuma.

"Nani huyu kanisimamia mbele?" akauliza.

Ilikuwa nguzo ya saba. Imesimama katikati ya wodi, mahali pake, kama ilivyochorwa. Fulgensi alifungua mdomo aseme, akawatazama wakubwa waliokuwa ukutani, na wakubwa wakamtazama kwa jicho ambalo kila mtumishi analijua. Katika nchi yetu mkubwa akipita, mwenye baiskeli anashuka, mwenye mkokoteni anaingia mtaroni, na mbwa wanafungiwa. Hiyo ni adabu tuliyolelewa nayo. Fulgensi naye alilelewa. Akabonyeza kidude kimoja, nguzo ikatoweka, na Mheshimiwa akaendelea na safari yake.

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengi, sitaki kuwadanganya. Mheshimiwa alipovua miwani akautoa ufunguo shingoni, akaufunga Mfano mbele yetu, akasema kuanzia dakika ile hakuna mtu mwenye ruhusa ya kugusa chochote.

*

Wiki ya pili yake Mzee Mshamu alikuja dirishani kwangu na karatasi mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wamenipa mchoro mpya. Nguzo ya saba imekwenda wapi?"

"Imeondolewa. Ilikuwa njiani."

"Njiani kwa nani?"

"Kwa Mheshimiwa."

Akafikiri. "Mheshimiwa kaja kwangu lini? Mimi nipo pale kila siku tangu saa moja."

"Alipita kwenye Mfano, mzee wangu."

Akaiweka karatasi juu ya meza yangu na kuniwekea kidole mahali palipokuwa peupe. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu mzima ambaye hupendi kumwaibisha. Nguzo ile ndiyo iliyobeba katikati. Ukiitoa, zege la juu litashikilia kwa muda, siku kadhaa, pengine wiki, halafu litachoka. Juu yake kuna ukumbi, na juu ya ukumbi kuna matangi. "Nani atayabeba yale matangi?" akauliza.

Nikaangalia kwenye kioo changu. "Huku naona yamekaa vizuri tu."

"Huko hayana maji," akasema.

Nikamuuliza kama anataka kuandikisha hatari. Nilimuuliza kwa sauti ya chini, nikimkonyeza, maana nilimpenda mzee yule na nilitaka aelewe kwamba sheria ya nne ipo. Hakuelewa, au alielewa akapuuza. Akasema ndiyo. Nikampiga picha, nikamwandikia Hati ya Umiliki wa Hatari, nikamkabidhi kwa mikono miwili kama taratibu zinavyotaka. Sehemu ya rangi ilinipa taabu. Fomu ya zamani ilikuwa na nyekundu, lakini nyekundu iliondolewa kwa kuwa ilikuwa inawashtua wageni. Zilibaki kijani, kijani kibichi, na kijani kinachofikiriwa. Nikamwekea hiyo ya mwisho, ndiyo kali kuliko zote.

"Sasa nifanye nini?" akaniuliza.

"Hatari ni yako. Utaiondoa."

"Vizuri," akasema, na nikamwona amefurahi kabisa. Akakunja hati yake akaondoka. Nami nikajiona nimefanya jambo jema siku ile, nikanywa chai yangu kwa raha.

Kumbe mzee alikuwa amenielewa kama watu wanavyoelewana. Alirudi Kitongani, akasuka nondo, akapiga mbao, akaimwaga nguzo ya saba mahali pake.

*

Jengo lilipokwisha, Injinia Fulgensi alitumwa kwenda kukagua. Nilifuatana naye kubeba daftari. Tulimkuta Mzee Mshamu amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, anakula muhogo wa kuchoma, na wodi imekwisha kupakwa rangi.

Fulgensi alipita na kibao chake cha kompyuta, anatazama kibao, anatazama ukuta, anatia alama. Alipofika katikati akasimama.

"Hii ni nini, mzee?"

"Nguzo."

"Hapa hakuna nguzo."

Mzee akampigia nguzo kwa kofi, ikalia kwa uzito kama linavyolia zege lililoshiba. Fulgensi akainamisha uso. Alizunguka nguzo ile mara tatu akiipa nafasi ya kutosha, kisha akaandika kwenye kibao, na mimi nikaandika kwenye daftari alivyonisomea: kuna kitu kigumu, chenye kimo, ambacho hakimo kwenye Mfano, na kwa hiyo ni hatari. Mwenyewe ni Mshamu Kigodo, kwa hati aliyopewa. Aiondoe ndani ya siku saba.

"Fulgensi," nilimwambia tulipokuwa njiani kurudi, "wewe umesoma. Ile nguzo si ndiyo iliyobeba lile jengo?"

"Najua."

"Basi irudishe kwenye Mfano."

"Ufunguo anao Mheshimiwa. Na hata ningekuwa nao, nikiirudisha nimesema kwamba Mheshimiwa aligonga nguzo." Akafuta kioo cha kibao kwa shati lake. "Mheshimiwa hajawahi kugonga kitu, Sudi. Tangu azaliwe."



*

Kalenda iliyokuwa ndani ya Mfano ilionyesha kwamba wodi imeanza kazi tarehe mosi. Kwa hiyo tarehe mosi ilianza kazi. Kina mama wakahamishwa, wakawekwa kila mmoja kwenye kitanda chake peke yake, na wengine walilia kwa furaha, nasema kweli, kuna mmoja alikuwa anakipapasa kitanda chote kwa mikono. Siku ile Mheshimiwa aliufungua Mfano kwa muda, majina yao yakaingizwa, kitanda kwa kitanda, pamoja na hali zao, kisha akaufunga tena. Tarehe pili wodi ya zamani ilibomolewa, kwa kuwa Mfano ulionyesha bustani mahali pale.

Kidawa naye alilazwa tangu siku ile ya kwanza. Alikuwa ameanza kutokwa na damu kidogo, na mkunga akasema asisimame, asibebwe, asipakizwe gari lolote, alale tu miguu juu mpaka siku zake zitimie. Zilikuwa zimebaki siku chache. Kitanda chake kilikuwa cha pili kutoka kwenye nguzo.

Hapo ndipo Mzee Mshamu alipoanza kiguu na njia. Alikwenda dirisha la kwanza, wakamwambia aende la tatu. La tatu wakamrudisha la kwanza kuchukua barua ya kwenda la tatu. Alikwenda kwa mkuu wa wilaya, akamkuta anaangalia Mfano, akaambiwa wodi inaonekana nzuri sana, hongera. Kila siku alipita kwangu mwisho, ananisalimu, anakaa kwenye benchi. Siku ya tano viatu vyake vilikuwa vimefumuka na alivifunga kwa waya wa kufungia nondo.

Siku ya sita aliitwa mbele ya Mheshimiwa. Ilikuwa ni kikao kikubwa, na mimi nilikuwepo na daftari.

"Ndugu zangu," alisema Mheshimiwa akiwa amesimama, "hatuwezi kuijenga nchi kwa hofu. Wodi ile nimepita mimi mwenyewe, kwa miguu yangu. Nimeingia mlango huu, nimetokea mlango ule, na sikukutana na pingamizi lolote. Wenzetu walioendelea hawaangalii jengo. Wanaangalia Mfano. Kuangalia jengo ni ushamba." Watu wakatikisa vichwa kwa majonzi ya ushamba. "Leo fundi mmoja, ambaye hata vidole havimtoshi, anataka kutuambia kwamba macho yake yanaona zaidi ya kompyuta ya taifa. Mzee, ile nguzo uliiweka kwa niaba ya nani?"

"Ya matangi, Mheshimiwa," akasema Mzee Mshamu.

Kuna mtu alicheka, akakoma.

"Mheshimiwa," mzee akaendelea, "mimi sibishani na wewe. Umesema nguzo itoke, itatoka. Nitaivunja kwa mikono yangu hii. Ninachoomba ni kimoja: muwatoe kwanza wale kina mama. Kama hamuwezi, nipeni siku chache, mwanangu ajifungue. Nimekuja kuwapigieni magoti." Na akapiga magoti pale kwenye zulia, mtu wa umri ule, nami nikaangalia daftari langu kwa sababu sikuwa na pa kuangalia.

Mheshimiwa hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo nalo lisikike. Aliagiza Mfano ufunguliwe waangalie kama kuna pa kuwapeleka. Fulgensi akaangalia. Nje ya wodi kulikuwa na bustani, na bustani ilikuwa na viti vya watu kumi na wawili, wanaopumzika, wasio wagonjwa. Hapakuwa na mahali pengine.

"Umeona mwenyewe, mzee," akasema Mheshimiwa kwa huruma. "Tumejaribu."

Mzee Mshamu akasema kama ni hivyo yeye haivunji, na yeyote atakayekwenda na nyundo atamkuta kaikumbatia. Akakamatwa palepale kwa kosa la kumiliki hatari kwa ukaidi.

*

Askari wawili walimpitisha dirishani kwangu akabidhi hati yake. Walikuwa vijana wastaarabu, wakasogea ukutani ili tuzungumze. Akaitoa mfukoni, imelowa jasho, akaisukuma chini ya kioo.

"Amri ya kuvunja itapita kwako?" akaniuliza.

"Kila kitu kinapita kwangu, mzee."

"Basi usiigonge muhuri."

Nikaichukua hati, nikaiweka ndani ya daftari.

"Sikuombi uikatae, mwanangu, najua una watoto. Ichelewe tu. Sema wino umekwisha. Sema umeumwa tumbo. Leo Jumatatu. Mkunga anasema Alhamisi, ikizidi sana Ijumaa. Siku nne, Sudi."

Hakuwahi kuniita kwa jina. Nikamwambia, "Nitaona, mzee."

Alinishukuru. Ninyi mnaosikiliza mnajua "nitaona" maana yake nini katika ofisi zetu. Yeye pia alijua, baada ya siku zile zote za kuzungushwa madirishani, lakini siku ile aliamua kuniamini. Aliniachia mkono wake wenye vidole vitatu juu ya meza kwa muda, halafu wale vijana wakamwondoa.

Amri ilikuja Jumanne asubuhi. Aliileta Fulgensi mwenyewe. Nilimwambia wino umekwisha. Akafungua droo yangu, akatoa chupa ya wino iliyojaa, akaiweka mbele yangu bila kunitazama.

"Gonga tu," akasema. "Usipogonga wewe, atagonga mwingine, na wewe utakuwa umemwaga unga bure."

"Kuna mzazi pale, Fulgensi. Kuna wazazi thelathini."

"Unafikiri mimi silijui hilo? Mimi ndiye niliyelifuta lile dude." Akaisukuma karatasi karibu nami. "Gonga, Sudi. Nakuomba."

Niligonga. Sikulazimishwa kwa bunduki, wala sikutishwa na mtu, na nisingependa mje mseme karani alitishwa. Niliinua muhuri, nikaulowesha, nikaugonga mahali pake, ukatokea safi kabisa, tarehe inasomeka. Nikampa karatasi. Baadaye nilikwenda kunawa wino mikononi, nikarudi dirishani kwa sababu kulikuwa na foleni.

Nguzo ilivunjwa alasiri hiyo hiyo. Kina mama waliambiwa wafunike nyuso kwa kanga kwa ajili ya vumbi. Wanasema kazi ilichukua saa tatu, kwa kuwa nguzo ilikuwa imejengwa vizuri.

Alhamisi alfajiri Kidawa alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Mkunga alituma mtu akamwambie mzee kituoni, na askari wa zamu akamnunulia soda. Saa nne asubuhi, wakati wanabadilisha mashuka, zege la juu likachoka.

*

Sitasimulia yaliyofuata Kitongani. Watu wa pale walichimba kwa majembe na sufuria. Walitoa kumi na moja wakiwa wamekufa, Kidawa akiwemo, na mtoto akatolewa chini yake akiwa hai, ana mchubuko mdogo tu begani. Wakawazika marehemu wote siku hiyo hiyo bila kusubiri kibali. Mzee Mshamu aliachiwa jioni yake, kwa maelezo kwamba hatari aliyokuwa anaimiliki imeondolewa.

Ijumaa Mheshimiwa alizungumza na taifa. Alitoa pole. Alisema tangu habari zile zimfikie amekesha akiukagua Mfano, chumba kwa chumba, na anapenda kuwahakikishia wananchi kwamba Mfano uko salama na hauna ufa hata mmoja. Jengo lilikosea, na hatua zinachukuliwa dhidi ya jengo. Kisha akasafiri kwenda kuwafundisha wenzetu wa nchi jirani jinsi tulivyozishughulikia zile hatari tano. Na ufunguo alikwenda nao, uko shingoni.

Nilidhani Mzee Mshamu hatakanyaga tena Wizarani. Nilimwomba Mungu asikanyage. Lakini Alhamisi iliyofuata nilipofungua dirisha nilimkuta kwenye foleni, wa nne, amesimama kwa utaratibu nyuma ya watu waliokuja na mambo yao ya mabati na vyoo. Alikuwa amembeba mtoto kifuani, amefungwa kwa kanga ya marehemu mama yake. Zamu yake ilipofika akanisalimu yeye kwanza.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo, mzee. Shikamoo." Nilitaka kusema pole. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi wiki nzima, nikaishia kumuuliza shida yake.

"Marahaba. Nimehangaika na maziwa ya huyu. Kliniki wanataka cheti cha kuzaliwa, na ofisi ya vyeti wamenituma kwako, kwa kuwa amezaliwa kwenye jengo la Mfano. Wanataka karatasi yako tu kwamba amezaliwa."

Nikawasha kioo. Wodi ya Kitongani ikatokea, nyeupe, tulivu, vitanda thelathini. Nikatafuta kitanda. Kidawa Mshamu, mjamzito, amelala, hali yake nzuri, anasubiri siku zake. Nikasoma tena kama mara tano hivi, huenda nikikodoa macho maandishi yatabadilika. Nyuma ya mzee watu walikuwa wanasukumana. Mtoto alianza kulia, mzee akamtikisa kidogo kwa kile kiganja chake chenye vidole vitatu mpaka akatulia.

"Vipi?" akaniuliza.

Nikamgeuzia kioo asome mwenyewe, maana sikuweza kuyatamka. Akasogea. Alisoma polepole, midomo inacheza. Alipofika kwenye neno "anasubiri" alikaa nalo muda mrefu. Nilisubiri anitukane. Nilitamani anitemee mate, avunje kile kioo, anivute shati mbele za watu, na ningeshukuru, wallahi ningemshika mkono nikamshukuru. Hakufanya lolote kati ya hayo. Akafuta kioo kwa kanga, pale alipokuwa amekitia ukungu wa pumzi.

"Kwa hiyo huku hajajifungua."

"Bado, mzee."

"Na huyu?"

"Mpaka Mheshimiwa arudi."

"Atarudi lini?"

"Hawajasema."

Akamtazama mtoto, akamfunika vizuri lile bega lenye mchubuko.

"Leo anatimiza siku saba," akasema. "Kwetu leo ndiyo siku ya kumpa jina. Watu wamekwisha kaa nyumbani, wananingoja. Niambie tu, Sudi, nikawaambie. Nimpe, au nisubiri?"

Nikamwambia asubiri.